Huyo Si Wetu

Pale kijijini kwetu Mon Zaboka, taarifa ya habari ya mchana ikisomwa, watu wanaendelea na soga zao. Wanabishana, wanamsema waziri, wanachekana nguo. Lakini ukianza ule wimbo wa kinanda unaotangulia matangazo ya vifo, duka zima la Ma Titin linanyamaza. Ma Titin mwenyewe anaacha kupima unga na kuongeza sauti ya redio, na hata Zo, mlevi ambaye hanyamazi hata kanisani, anaweka glasi yake chini.

Sababu ni majina. Kisiwani kwetu kila mtu anayo mawili. Lipo la kitabuni, ambalo padri aliliandika siku ya ubatizo na halikutumika tena, na lipo la nyumbani, ambalo ndilo mtu mwenyewe. Unaweza kuishi na jirani yako miaka arobaini, mkakopeshana chumvi na kugombana juu ya mpaka, usijue kabisa kitabuni anaitwa nani. Sasa mtu huyo akifa, redio inaanza na la kitabuni. Inasema amefariki Ignatius Polydore Jean-Jacques, nawe umekaa hapo na sahani yako ya samaki wa chumvi, hujui ulie au umalizie kula.

Familia zenye adabu huongeza, "aliyejulikana zaidi kama Fulani," na mambo yanakwisha. Nyingine, hasa zile zenye watu waliokaa ng'ambo, huona jina la nyumbani ni la kishamba, halifai kusomwa mbele ya taifa. Hapo ndipo kazi inapoanza. Inabidi umtafute marehemu kupitia watu wake. Baba wa nani, kaka wa nani, mkwe wa nani, mazishi kanisa gani. Na hayo yote yanasomwa kwa mbio, maana baada ya huyo kuna maiti mwingine anasubiri zamu.

Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Sò Dodo. Kitabuni ni Eudora Valmond, lakini usimwite hivyo, hataitika. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mshona nguo, mwenye mdomo. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya mbao ya juu kabisa, mahali barabara inapochoka na kuwa njia ya miguu. Mume hakupata, mtoto hakuzaa, dada zake walihamia Guadeloupe wakapotelea huko. Lakini ukoo wa kila mtu aliujua. Redio ilipotaja huyo Ignatius Polydore, Sò Dodo alisikiliza mpaka kwenye "baba wa Cletus wa Antigua, shemeji wa Bwana Octave," akapiga meza kofi. "Ni Kwapo! Jamani, ni Kwapo wa kule mtoni! Octave alioa dada yake nani?" Watu wakashika vichwa, maana ni kweli, Kwapo alikuwa na shemeji Octave na mtoto Antigua. Kabla jua halijatua basi lilikuwa limekodiwa.

Maana ukishajulikana ni wetu, hakuna anayebaki. Huo ndio utaratibu. Kijiji kinajaa basi, wanawake kwa nyeupe na nyeusi, wanaume wanabeba jeneza wenyewe kwa zamu, na hakuna mkono wa kuajiriwa unaoligusa. Mtu wa Mon Zaboka kubebwa na watu wa kulipwa ni aibu ambayo hatukuwahi kuiona. Na mtu wa kusema huyu wetu au si wetu alikuwa Sò Dodo. Akisema ni wetu, wanatafuta basi. Akisema si wetu, Ma Titin anarudi kwenye unga wake.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Sò Dodo hakumjua kwa njia ya watu wake, na huyo ndiye aliyemjua kuliko wote.

Walimwita Bwapen, yaani shelisheli, kwa ajili ya kichwa chake kikubwa cha mviringo. Alikuja kijijini angali kijana kufanya kazi kwenye shamba la ndimu la Mfaransa, na shamba lilipokufa yeye akabaki. Alitokea kaskazini, zaidi ya hapo hakusema. Hakuwa na shangazi kijijini, hakuwa na binamu, kanisani hakuingia hata siku ya Pasaka. Ilijulikana tu kwamba aliwahi kuwa na mke, na mke alimchukua mtoto wao wa kike akiwa mdogo, wakaenda Kanada. Bwapen alimwita "mtoto" tu, kana kwamba duniani yupo mmoja.

Kila Jumamosi, kwa miaka ishirini na zaidi, Bwapen alipanda mlima kwenda kwa Sò Dodo. Alileta jimbi, au kipande cha nyama ya mbuzi, au mikono mitupu. Walikula, wakanywa chai ya kakao, wakasikiliza redio. Siku za mvua hakushuka. Asubuhi ya Jumapili wanawake waliokuwa wakienda misa walimkuta anarudi na kofia mkononi, wakamsalimia kwa heshima zote, kisha wakacheka mbele kidogo. Lakini hata kwa kucheka, watu hawakuwa na neno la kuwaita wale wawili. Hawakuwa wameoana, hawakuwa wanaishi pamoja, na wazee hawaitwi wapenzi. Basi wakaitwa Sò Dodo na Bwapen, kila mmoja na lake.

Bwapen alikuwa na mbuzi watatu, na hao aliwapa majina kama wanawake wa kanisani: Teotista, Yasinta na Altagrasia.

"Mbuzi gani hao wenye majina marefu kuliko mkia?" Sò Dodo alimuuliza siku moja. "Hawawezi kuitwa Mweusi na Mweupe kama mbuzi wa watu?"

"Ni majina mazuri," Bwapen alisema. "Nisipoyaita mimi, nani atayaita?"

"Basi yaite. Mimi nitakula hao mbuzi bila kujua majina."

Alicheka Bwapen, mabega yakamtikisika, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuwa mtu wa kuelezaeleza. Na Sò Dodo, ambaye angemhoji mgeni mpaka afikie babu wa tatu, kwa Bwapen hakuuliza. Aliona kuwa akianza kumuuliza watu wake, naye ataulizwa mbona hana watu.

Mwaka ule tumbo la Bwapen lilianza kuvimba. Alificha, kisha hakuweza kuficha. Asubuhi moja alileta mbuzi wake watatu kwa kamba mpaka uani kwa Sò Dodo, akawafunga, akasema anapanda basi kwenda hospitali mjini, watamtazama tumbo halafu atarudi. Hakukumbatiwa wala hakukumbatia. Sò Dodo alimwambia avae fulana ya ndani, mjini kuna upepo wa bahari.

Wiki ikapita. Dekale, dereva wa lori la ndizi, akaleta salamu. Bwapen ametoka hospitali, mtoto wake amekuja kutoka Kanada, amepanga nyumba mjini na anamuuguza huko.

"Na mimi? Amesemaje?"

"Amesema mbuzi wasisahauliwe."

"Basi?"

"Basi, Sò Dodo. Alikuwa anaongea kwa shida."

Mbuzi wasisahauliwe. Sò Dodo alilibeba neno hilo nyumbani, likamuuma. Kama angemtaka angesema. Ana mtoto sasa, mtoto mwenyewe, wa damu, wa Kanada. Hata hivyo Jumanne iliyofuata alioga, akavaa gauni lake la bluu, akashuka mpaka kituoni. Pale, akingoja basi, aliiona safari nzima kichwani. Anabisha mlango. Mlango unafunguliwa na mwanamke aliyesoma, mwenye viatu vya ndani. Anamuuliza kwa upole, wewe ni nani kwake?

Sò Dodo alilitafuta jibu. Mke, hapana. Dada, hapana. Shemeji, mkwe, mzazi mwenza, hapana. Yeye aliyeweza kumweka kila mtu wa kisiwa mahali pake, alikosa pa kujiweka. Basi lilipofika alilipungia mkono lipite, akapanda mlima, akavua gauni la bluu na kulitundika. Ulikuwa upweke kuliko wa siku zote, maana siku zote alikuwa na Jumamosi.

Tangu hapo aliyasikiliza matangazo ya vifo kwa roho mkononi. Kila wimbo wa kinanda ulipoanza, alisikiliza neno moja tu: Bwapen. Lisiposikika, alishusha pumzi na kurudi kuwa bingwa.

Jumanne nyingine, dukani, wimbo ukapigwa, watu wakanyamaza. Msomaji akasema, "Tunasikitika kutangaza kifo cha Cuthbert Ambrose Letang wa mjini Roseau, aliyefariki nyumbani kwa binti yake."

"Letang?" Zo akauliza. "Letang ndio watu gani?"

"Wa mjini, umeambiwa," Sò Dodo alisema. Moyo wake ulikuwa umetulia, halikutajwa jina aliloliogopa, na ahueni hiyo ilimpandisha mzuka. "Cuthbert Ambrose! Huyo alikuwa karani wa benki. Anavaa soksi mpaka kitandani."

"Amemwacha binti yake, Yolande Pemberton wa Toronto," redio ikaendelea.

"Pemberton! Mnasikia? Huyo hazikwi, huyo anahifadhiwa kwenye kabati la vyombo!"

Duka likaangua kicheko. Ma Titin alijipiga mapaja. Redio ilikuwa inasema kaka wa marehemu nani na marehemu nani, lakini nani atasikia? Walipopata pumzi, msomaji alikuwa amefika kwenye mazishi, Alhamisi saa nane mchana, kanisa la Wamethodisti.

"Wamethodisti!" Sò Dodo akainuka, akachukua sukari yake. "Haya, kwisha. Huyo si wetu."

"Si wetu," Ma Titin akaitikia, akarudi kwenye unga.

Jumatano tangazo lilirudiwa. Sò Dodo alikuwa kwake, anashona. Aliposikia Cuthbert Ambrose akasema, "Bado tu hujazikwa, karani?" na akapunguza sauti, akatoka kuwahamisha mbuzi kwenye majani mapya. Aliwaita kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, kama alivyowaita kila siku tangu aachiwe. Alikuwa ameshazoea. Hata alianza kuona kwamba Yasinta ana sura ya mtu mwenye jina hilo.

Alhamisi asubuhi mvua ilinyesha. Ilikuwa siku ya meli ya ndizi. Kijiji kizima kilikuwa mashambani kinakata na kupakia, na Sò Dodo amekaa jikoni peke yake anamenya ndizi mbichi za mchana. Ilipofika mchana wimbo wa kinanda ukapigwa. Akasikiliza. Cuthbert Ambrose Letang, kwa mara ya tatu. Akanyoosha mkono apunguze sauti, akauona umejaa utomvu, mweusi, wa kunata, na redio ile alikuwa anaipenda. Akauacha mkono. Msomaji akasoma mpaka mwisho.

"Kaka wa marehemu Teotista, marehemu Yasinta na marehemu Altagrasia."

Sò Dodo aliinua kichwa. Jambo la kwanza alilowaza ni kwamba kuna mtu uani anaita mbuzi.

Alisimama hata akaenda mlangoni. Uani hapakuwa na mtu. Mbuzi watatu walikuwa wamejibanza chini ya banda, wanatafuna, wanaangalia mvua. Nyuma yake redio ilikuwa inamalizia: "Pamoja na jamaa na marafiki wengine ambao ni wengi mno kutajwa. Mazishi ni leo, saa nane mchana."

Akakaa kizingitini. Dada zake Bwapen. Miaka yote ile alikuwa anawaita dada zake, jioni baada ya jioni, ili kuwe na mtu anayewaita. Na yeye Sò Dodo alisema atakula hao mbuzi bila kujua majina.

Kisha akakumbuka duka, soksi, kicheko. Akakumbuka sauti yake mwenyewe, jinsi ilivyokuwa tamu. Alitoa mlio ambao hakuujua, akainuka, akashuka mlima na gauni lake la jikoni lenye madoa, bila mwavuli.

Ma Titin alimwona akiingia amelowa chapachapa. "Sò Dodo! Kumetokea nini?"

"Ni Bwapen."

"Amekufa? Lini? Mbona redio haikusema?"

"Imesema. Tangu juzi inasema. Cuthbert ni Bwapen."

Ma Titin alimtazama. "Lakini wewe mwenyewe ulisema..."

"Najua nilichosema!" Sò Dodo alipiga kelele. "Najua, Titin. Usinirudishie."

Ma Titin alivua aproni. Alisema atakwenda mashambani mwenyewe, awatoe watu kwenye ndizi, meli na ingoje, watafuata na chochote kitakachopatikana. Lakini wote wawili walijua mashamba yametawanyika mpaka kule bondeni, na basi la asubuhi limeshaondoka. Barabarani lori la Dekale lilikuwa linanguruma, limejaa maboksi, linaelekea bandarini. Sò Dodo alipanda mbele bila kuomba.

Lori bovu halijui mazishi. Lilipanda milima kwa gia ya kwanza, likashuka kwa woga, na kila kona Dekale alipiga honi kwa wale wasiokuwepo. Alikuwa mtu mzima, mcheshi, lakini safari hiyo alikosa la kuchekesha.

"Mimi ndiye nilileta salamu," alisema mwishowe. "Ningesema zaidi."

"Kulikuwa na zaidi?"

"Sijui. Aliniuliza kama bado unasikiliza redio. Nikamwambia, Mzee, yule haachi kusikiliza redio hata akiwa amelala. Akacheka. Nikaona ni maneno ya mgonjwa tu, sikuyabeba."

Sò Dodo aligeukia dirisha. Nje kulikuwa na migomba, mvua, migomba.

"Aibu gani hii," Dekale alisema. "Sijui nani atambeba."

"Endesha gari, Dekale."

Walipofika mjini kanisa lilikuwa limeshafungwa. Mzee aliyekuwa anafagia ngazi aliwaelekeza makaburini. Dekale alimshusha langoni, akaomba radhi, meli ilikuwa inangoja na maboksi si yake. Sò Dodo akaingia peke yake kati ya misalaba, akiwa ameshika gauni mbele ili yale madoa yasionekane.

Hakuhitaji kuuliza ni kaburi lipi. Lilikuwa moja tu lenye udongo mpya, na wachimbaji wawili walikuwa wanalimalizia kwa makoleo. Kando yake alisimama mchungaji mwenye mwavuli na mwanamke mmoja mrefu aliyevaa kofia nyeusi. Kwa mbali kidogo, wanaume wanne wenye suti za aina moja walikuwa wameegemea gari la maiti, mmoja anavuta sigara. Hao ndio waliombeba Bwapen. Sò Dodo aliitazama mikono yao, akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni.

Mchungaji alimpa mkono yule mwanamke, akaondoka. Wachimbaji wakapigapiga udongo, nao wakaondoka. Mwanamke akageuka, na Sò Dodo akakiona kichwa. Kilikuwa kile kile, kikubwa, cha mviringo, chini ya kofia ya dukani.

"Umekuja kwa baba?" mwanamke aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unatoka kule kijijini?"

"Ndiyo, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Wa kwanza wewe." Alisema bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Niliambiwa watakuja basi zima. Niliagiza chakula cha watu sitini, mama. Kipo kule nyumbani, kimefunikwa. Wewe ni nani kwake?"

Swali lilikuja lile lile, kwa upole ule ule, kama alivyolisikia siku ile kituoni.

"Jirani," Sò Dodo alisema.

Yolande aliitikia kwa kichwa. Alionekana mtu aliyekaa siku nyingi bila wa kuongea naye, na maneno yakaanza kumtoka yenyewe. "Nilitaka niwapigie simu. Kila siku nilimwambia, baba, nipe namba ya mtu, nipe jina la mtu. Akakataa. Akasema weka redioni tu. Nikamuuliza niandike vipi, akasema niandike majina ya shangazi zangu, yasisahaulike, hayo mengine nipange mwenyewe. Hilo jina la utani sikulitia. Niliona wanamdhihaki, mtu mzima kuitwa tunda. Nilikosea?"

"Hukukosea, mwanangu."

"Maana yeye hakujali. Alisema kuna mwanamke kule, hata isomwe nini, yeye atamjua. Akishamjua yeye, watakuja wote." Alifuta pua kwa leso. "Nikamuuliza anaitwa nani, nimwite aje kumwona. Akasema haitwi huyo, anajua mwenyewe wakati wa kuja. Kitanda alitaka kisogezwe dirishani, pale linapopita basi la upande wenu. Kila likisimama anauliza, amekuja? Nami namwambia bado, baba. Mpaka siku ya mwisho, sauti imeshakwisha, anauliza kwa macho."

Mvua ilikuwa imekatika. Sò Dodo alikuwa anautazama udongo, na mikono yake yenye utomvu alikuwa ameificha kwapani.

"Unamjua?" Yolande aliuliza. "Huyo mwanamke?"

"Namjua."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Yolande alingoja, kama mtu anayengoja sababu. Akachukua mkoba wake uliokuwa juu ya kaburi la jirani, akarekebisha kofia.

"Basi ukirudi umwambie," alisema. "Sitaki kumlaumu, simjui. Mwambie tu kwamba alimngoja."

"Nitamwambia," Sò Dodo alisema.